Kufumba Macho Darasani

Lubaba alikuwa katikati ya ukurasa, akisoma kisa cha kima aliyeiba ndizi za mkwewe, mlango uliposukumwa na Morris, karani wa shule, akaingiza kichwa.

"Mwalimu Taib, waitwa ofisini. Sasa hivi."

Mwalimu Taib akafumbua macho. "Naitwa na nani?"

"Bwana Moiz mwenyewe. Ameshika simu."

Hayo ya simu ndiyo yaliyomkata maini. Katika shule ile ya Bondeni, kuitwa na mkurugenzi mwenye simu mkononi kulikuwa na maana moja tu. Tangu mwanzo wa mwaka kila darasa lilitundikwa kamera juu ya ubao, ndogo kama jicho la mjusi, na mzazi aliyekaa dukani au bandarini Kilindini aliweza kumtazama mwalimu wa mwanawe saa yoyote aipendayo. Muhula uliopita Karisa, mwalimu wa hisabati, aliitwa vivi hivi baina ya vipindi viwili. Mkoba wake uliteremshwa langoni na bawabu.

Ngazini alikutana na Beryl, mwalimu wa darasa la tatu, ambaye uso ulimshuka alipomwona.

"Umeona kundi la wazazi, Mwalimu?"

"Hayo siyajui, mwanangu."

Beryl akamwonyesha picha kwenye simu yake. Alikuwa Taib mwenyewe kitini, kichwa kimeinama, macho yamefumba, na mtoto mbele yake akisoma. Chini yake mzazi mmoja ameandika: *Karo twalipa, mwalimu yuwalala.* Mwengine amejibu: *Msimwamshe, saa hizi ameshafika Lamu.* Kisha vijiso vya kucheka machozi, safu kwa safu.

"Sikulala," alisema Taib.

"Mimi najua. Lakini usibishane naye, tafadhali. Karisa alibishana."

Akashuka ameshika ukuta. Mkataba wake ulikuwa unamalizika mwezi ule. Nani angemwajiri mzee wa umri wake, na mwenye nyumba huko Mji wa Kale ameshatoa habari ya kupandisha kodi, na unga wenyewe haushikiki?

Kufumba macho alifundishwa. Katika chuo cha Kurani, utotoni mwake, wanafunzi walijipanga juu ya jamvi, kila mmoja akisoma pake kwa sauti, vishindo vimejaa chumba. Na Maalim wao, Mungu amrehemu, alikaa macho kayafumba, akinyosha kidole kwa yule aliyekosea, asimkose hata mara moja. Jicho huhadaiwa na uso wa mtoto, aliwaambia; sikio halihadaiwi. Haikuwa raha tupu, maana bakora nayo ilikuwa pale pale, na wao walitetemeka. Lakini zama hizo hofu ilikaa kwa mwanafunzi. Sasa ilikuwa imehamia kwa mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu, keti," alisema Moiz. Simu ilikuwa juu ya meza, haiishi kutetema.

"Marahaba, mwanangu. Ile picha… mimi nilikuwa nasikiliza."

"Najua."

Taib akanyanyua uso.

"Najua, Mwalimu. Si ndivyo ulivyonisomesha mimi? Marehemu baba alikuwa akisimama nje ya darasa lako kukusikiliza, akirudi nyumbani akikusifu." Moiz alijikuna shingo. "Lakini wazazi hawajui, na hawana wakati wa kuelezwa. Wawili washasema watawahamisha watoto. Nataka sauti yako niitie kundini. Sema uliamka na homa, ukapitiwa na usingizi, uwaombe radhi. Yatakwisha."

"Lakini sikulala, Moiz. Huo ni uongo."

"Basi nisaidie. Niwaambie nini?" Akatazama saa. "Jioni nina kikao cha mikataba, Mwalimu. Nataka jina lako nilikute mahali pazuri."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha mzee kuliko ukali. Simu ikasukumwa mbele yake. Taib akamtaja Mola wake kimoyomoyo, asijue kama anaomba msaada au msamaha.

"Wazazi wangu," alianza. "Niwieni radhi. Nalikuwa na homa. Nalipitiwa na usingizi."

"Ahsante. Na macho, Mwalimu, yawe wazi. Safari ya pili sitakuwa na la kusema."

Aliporudi darasani watoto walirudi vitini mwao. Alikaa, akayatumbua macho kuelekea lile jicho la mjusi juu ya ubao. Kilikuwako kitaa chekundu kidogo ambacho hakuwa amekiangalia sana kabla. Nani alikuwa nyuma yake saa ile? Wangapi?

"Endelea, Lubaba."

Mtoto akasoma. Taib aliona midomo ikicheza, aliona vidole vikifuata mstari, aliona kitaa. Maneno yalimpita kama watu wa njiani. Alitaka kupepesa, akajizuia; macho yakaanza kumtoka maji.

Lubaba akasita. Akarudi nyuma kidogo, akatazama kitabu, kisha akamtazama yeye.

"Mwalimu, sikuruka mstari hapa?"

Hakujua. Miaka yote ya kusomesha, hakupata kutojua. Darasa lilimsubiri, na juu ya ubao nako kulikuwa na wanaosubiri.

"Hukuruka," alisema Mwalimu Taib, macho wazi. "Wasoma vizuri. Endelea."