Birika Lisichemke Bure

Haya aliniambia wifi yangu, dada wa mume wangu, majira ya mvua alipokuja kuniuguza goti. Goti lilikuwa langu, lakini maneno yalikuwa yake. Kila asubuhi aliteleka birika, akavuta kigoda, akanitazama nilivyokaa, akasema, "Wifi, usikae na mikono mitupu. Birika lisichemke bure." Nami nikacheka, maana maneno hayo niliyasikia kwa mume wangu miaka yote tuliyoishi pamoja, wala sikuwahi kumuuliza ameyatoa wapi. Sasa mwenyewe ametangulia. Aliyebaki anayejua ni wifi, kwa hiyo nilimuuliza yeye, na mimi naandika kama alivyonisimulia, na chumvi nimetia kidogo tu pale ilipopungua.

Baba yao alikuwa fundi cherehani. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani chini ya dirisha, meza ndefu ya kukatia, na rafu ya vitambaa vya sare za shule. Cha nyuma walilala. Jiko la mkaa lilikaa uani, chini ya bati. Watoto walikuwa wawili, wifi akiwa mkubwa, na mdogo wake, huyu aliyekuja kunioa, ambaye nyumbani walimwita Kiatu Kimoja kwa sababu kila asubuhi kiatu cha pili kilikuwa hakionekani. Msidhani aliacha. Mpaka ana mvi alikuwa akipiga magoti kuchungulia chini ya kitanda.

Mama yao alikuwa na njia yake ya kugawa siku. Saa ya ukutani ilikuwapo, lakini yeye alisema hiyo ni ya kuwatazamia wageni wasiotaka kuondoka. Yeye alipima kazi kwa kungoja. Kulikuwa na kazi ya pasi, ile unayoweza kuimaliza pasi ikiwa inapata moto: kushona kifungo, kukata nyuzi zilizoning'inia. Kulikuwa na kazi ya kivuli, ile ya kuanza kivuli cha ukuta kikifika kizingitini na kuiacha kikivuka. Lakini kubwa kuliko zote ilikuwa kazi ya birika. Asubuhi birika likishawekwa jikoni, kila mtu alikuwa na lake. Baba alijaza uzi kwenye bobini na kutia mafuta cherehani. Wifi alitandika vitanda na kufagia chumba cha mbele. Kiatu Kimoja alinawa uso na kutafuta kiatu.

Na sheria ilikuwa moja. Kifuniko cha birika kikianza kucheza, kila mkono unaacha ulichoshika. Mnakuja, mnakaa, mnakunywa chai pamoja, kisha kila mtu anashika njia yake. Mama alisema, "Kazi haina mwisho, ila chai inapoa."

Wifi anasema katika maisha ya mama yake hakumbuki hata siku moja kifuniko kilipocheza na ufagio bado uko mkononi.

Kisha mama akaugua, akafa.

Watu walipotawanyika baada ya mazishi, nyumba ikakosa asubuhi. Hivyo ndivyo alivyosema wifi, na mimi sina namna bora ya kuliandika. Jua lilichomoza, lakini asubuhi haikuwapo. Baba alilala amekaa, kichwa juu ya cherehani, akaamka na alama ya ukingo wa meza shavuni. Watoto walifika shuleni wenzao wakiwa wameshaketi. Wateja walikuja kuchukua nguo zao, baba akawaambia njoo kesho. Mnajua tena mafundi na kesho yao, lakini huyu hakuwa hivyo zamani, na jirani mmoja alimwambia mlangoni, "Fundi, hiyo kesho yako tuishonee basi nguo, maana tutaishi nayo."

Habari zikamfikia shangazi yao, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Alikuja, akasimama katikati ya chumba cha kazi, akatazama vipande vya mashati visivyo na mikono, akatazama watoto.

"Mdogo wangu," alimwambia baba, "msiba ni wetu sote. Lakini watoto hawalelewi na msiba. Shule zikifungwa nakuja kuwachukua."

"Dada, niachie kidogo nijikusanye."

"Jikusanye. Nikirudi nikakuta umekusanyika, nitanyamaza. Nikikuta hivi, nawachukua, na wewe utakuja kuwaona."

Wifi alikuwa nyuma ya pazia. Alikwenda uani akalia, akanawa. Kesho yake alfajiri aliamka peke yake, akachukua birika kubwa la mama yao, lile jeusi chini, akapima maji. Kikombe cha baba, kikombe chake, kikombe cha Kiatu Kimoja. Akaliweka jikoni, akapepea mkaa.

Hakumwambia mtu neno. Lakini baba alisikia birika likigonga jiko, akainua kichwa, akaivuta bobini. Kiatu Kimoja akatoka nje kunawa. Wifi anasema alishika ufagio kama vile mtu amerudi nyumbani kutoka safari.

Basi wakaanza tena. Kila siku birika, kila siku kila mtu na lake. Ungesema mambo yatakaa sawa. Hayakukaa. Wifi hajamaliza hata kitanda cha pili, kifuniko kinacheza. Anaacha shuka limening'inia, anakwenda kumimina chai. Baba anakuja, bobini yake imejaa nusu. Kiatu Kimoja anakuja na uso wa maji na mguu mmoja mtupu. Wanakunywa, wanatawanyika. Baba akianza kushona, uzi wa chini unakwisha katikati ya mshono. Anasimamisha cherehani, anafungua, anajaza upya, mshono umeshapinda, anaufumua. Nguo ya asubuhi inakuwa ya mchana, ya mchana inakuwa ya njoo kesho. Watoto nao wanatoka wakikimbia, kiatu kingine kinavaliwa njiani.

Walilaumiana. "Wewe unafagia kama unambembeleza mtu," Kiatu Kimoja alimwambia dada yake.

"Na wewe uso wako una ukubwa gani, mpaka kuunawa kunamaliza asubuhi?"

Baba alisema, "Acheni. Ni mimi. Mikono yangu imekuwa mizito." Naye aliamini hivyo. Alidhani huzuni imemwingia vidoleni. Ila hakuna hata mmoja aliyesema, birika likichemka tusiitike, tumalizie kwanza. Nilimuuliza wifi kwa nini. Akasema, "Wifi, kifuniko kilipocheza ilikuwa kama mama anaita. Ungekuwa wewe ungejibu subiri?"

Shangazi akaja, siku mbili kabla ya shule kufungwa. Alitandikiwa mkeka chumba cha mbele, akalalamika kuwa katika nyumba yenye harufu ya mafuta ya cherehani yeye halali, hakuwahi kulala. Asubuhi aliketi akiwatazama. Kifuniko kikacheza. Akamwona mdogo wake, mwanamume mzima mwenye ndevu, anaacha bobini nusu na kuinuka.

"Unakwenda wapi na hujamaliza?"

"Birika limechemka."

"Yaani unaamrishwa na birika?"

"Si birika, dada," baba alisema. "Mwenye birika."

Shangazi alitaka kucheka, akaacha. Lakini moyo haukubadilika. Aliona shuka lililoning'inia, aliona kiatu kimoja, alimsikia baba akimwambia mteja njoo kesho. Jioni akaanza kukunja nguo za watoto na kuzifunga kwenye kanga.

Siku ya mwisho ya shule ilikuwa kesho yake, na wangeondoka wakitoka tu darasani. Wifi alikwenda uani na majivu na kipande cha gunia. Alijisemea, kama naondoka, basi nimwachie baba birika safi. Akasugua nje mpaka pakang'aa. Akamwaga maji yaliyobaki, akaingiza mkono asugue ndani, na kwa kuwa jua la jioni lilikuwa limeinama vizuri, akaona.

Mnajua maji yakichemshwa miaka na miaka huacha utando mweupe kama chokaa. Ndani ya birika lile utando ulikuwa umepanda mpaka shingoni, karibu kabisa na mdomo. Maji ya wifi, ya vikombe vitatu, hayakufika hata tumboni.

Akachuchumaa pale ameshika birika mapajani. Akakumbuka. Mama alijaza birika mpaka shingoni kila asubuhi. Chai yao ilitoka humo, na iliyobaki ilitiwa kwenye chupa, wakapewa wateja. Yeye alipoanza kupika alihesabu vichwa. Mama hayupo, kikombe chake cha nini? Mteja hatuna cha kumpa, maji ya nini? Aliona anabana mkaa. Kumbe alichobana ni asubuhi yenyewe. Maji machache huchemka upesi, na ile kazi waliyopimiwa na mama kwa birika zima, wao walikuwa wanaikimbiza kwa birika robo.

Hakusugua tena. Aliuacha utando ule palepale ulipo.

Asubuhi ya siku ya mwisho akajaza birika mpaka kwenye ile alama. Kiatu Kimoja akasimama mlangoni akijikuna.

"Maji yote hayo ya nani?"

"Nenda kanawe."

Wifi akatandika kitanda cha kwanza, akasikiliza. Kimya. Akatandika cha pili. Akafagia chumba cha mbele, akafagia mpaka chini ya meza ya kukatia, ambako vipande vya vitambaa vilikuwa vimejificha tangu mazishi, na huko, nyuma ya mguu wa meza, akakuta kiatu. Birika bado. Baba akajaza bobini moja, akangoja, akatazama uani. Akajaza ya pili. Akatia mafuta cherehani, akaipangusa kwa kitambaa, akachonga chaki. Wifi anasema mikono yake haikuwa mizito hata kidogo. Ilikuwa mikono ileile ya zamani, na baba mwenyewe alikuwa akiitazama kama mtu aliyeokota kitu chake.

Shangazi alikuwa amekunja mikono kando ya kanga iliyofungwa. Baba akampa shati na bakuli la vifungo.

"Dada, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hatuna. Shika vifungo."

"Mimi nimekuja kuchukua watoto, sikuja kuajiriwa."

"Birika lisichemke bure," alisema Kiatu Kimoja, naye ameketi kizingitini amevaa viatu viwili, miguu ameinyoosha mbele kila mtu aione.

Shangazi akatazama miguu ile. Akachukua sindano. Alikuwa anakata uzi wa kifungo cha mwisho kifuniko kilipoanza kucheza, na hakuna mwingine aliyekuwa ameshika kitu.

Wakakaa. Wifi akamimina vikombe vinne, na birika likabaki zito. Baba alilishika mpini akalipima uzito, akamtazama binti yake, akaelewa. Alikunywa chai yake polepole, na watoto wakaondoka wakitembea.

Shangazi alishinda chumba cha kazi siku ile. Cherehani iliimba bila kukatika. Mteja wa kwanza aliingia akisema, "Najua, njoo kesho." Baba akamjibu, "Keti unywe chai, nakubandikia kola." Chai ilipofika chini ya kikombe, kola ilikuwa mahali pake. Yule mtu alisimama na shati lake mkononi, hajui amshukuru nani. Kivuli kilipofika kizingitini, baba akaacha kushona akaanza kukata, kama zamani, na shangazi akasikika akiuliza, "Kilichobaki ni cha pasi?" Ameshajua majina.

Watoto walirudi wakiwa na ripoti zao na nyuso za safari. Walimkuta shangazi anafungua kanga.

"Mbona unazitoa?" wifi aliuliza.

"Zitakunjamana," alisema shangazi. Akatoa nguo moja moja, akazirudisha sandukuni. "Likizo ijayo mtakuja kunitembelea. Kutembelea, nimesema. Na wewe mwenye viatu viwili, uje navyo vyote."

Jamani, siku hizi tuna saa mkononi, ukutani na mfukoni, na kila ninayemuuliza hali ananiambia bibi, sina muda. Mimi birika langu ni la umeme, nikigeuka limechemka. Ninaishi peke yangu, kikombe kimoja kinanitosha. Bado nalijaza mpaka shingoni. Tangu wifi aniambie, nalijaza, na nikifika mwisho wa kazi yangu ndogo nasikia kama kuna mtu chini ya kitanda anatafuta kitu.

Jioni ile shangazi alipofungua kanga, wifi alichota maji, akajaza birika kwa ajili ya kesho, akalifunika. Kiatu Kimoja alilala wa kwanza, viatu vyake viwili vimewekwa kando ya kichwa. Baba alifunika cherehani kwa kitambaa chake, akasimama kidogo, kisha akaenda kulala kitandani, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Shangazi alijinyoosha mkekani akasema harufu hii ya mafuta, yeye halali, hakuwahi kulala. Hakumaliza hata sentensi, akaanza kukoroma. Wifi alitaka kuinuka aende kuhakikisha kama kifuniko kimekaa sawa. Aliwaza tu kuinuka, akiwasikiliza wote watatu wanavyopumua, mpaka usingizi ukamchukua.