Damson Anyolewa Kamili

Novemba ikiingia, huwa nazunguka mazizi ya bonde letu la Yorkshire, Uingereza, na mashine yangu ya kunyolea farasi. Farasi mwenye manyoya mazito ya baridi akifanya kazi hutoka jasho, jasho humpoea mwilini, akaugua. Kwa hiyo tunamnyoa, lakini kwa kipimo cha kazi yake. Anayetoka mara moja kwa wiki hupunguzwa shingo na tumbo tu. Anayeruka kuta za mawe siku tatu kwa wiki hunyolewa kamili, akabaki na manyoya ya miguuni na kipande cha chini ya tandiko. Hapa kwetu hakuna anayeuliza farasi wako anafanya nini. Watu hutazama ngozi.

Philippa Thwaite alilijua hilo vizuri mno. Farasi wake jike, Damson, mfupi na mnene, hutembezwa Jumapili mpaka kwenye baa ya kijiji na kurudi, basi. Nilikuwa nimekwisha mchora mstari wa chaki chini ya tumbo Philippa aliponishika mkono.

"Futa," akasema. "Nataka kamili."

Nikamwambia mnyama huyu hajatoka jasho tangu Pasaka. Akanieleza, bila kunitazama, kwamba Honor Metcalfe, mpanda farasi mwenzake, alisema dukani, watu wakisikia, kuwa Damson ni kochi lenye kwato, na kwamba kwenye msafara wa Jumamosi wa kufungua msimu makochi yatapita njia ya malangoni, isiyo na ukuta wa kuruka, pamoja na watoto. Philippa ana miaka hamsini na miwili. Sita ya mwisho amepita malangoni.

"Dada, nikishakata siwezi kurudisha."

"Nimekuomba urudishe? Kata."

Nikakata. Damson akatoka na rangi ya panya, anang'aa, anatetemeka. Tukamvika blanketi mbili. Philippa akamzunguka mara tatu, akasema sasa huyu ni farasi.

Jumamosi tulikusanyika uwanjani, nyasi zimeganda kwa jalidi. Mimi nilikuwa nagawa chai. Kiongozi wetu, Garth Ackroyd, hakumbuki sura za watu ila za farasi. Hupita na fimbo yake akiwagawa: kushoto malangoni, kulia kwenye kuta. Honor alikuwa tayari kulia. Garth akafika kwa Damson, akamtazama ubavu kwa muda mrefu.

"Mama huyu ameanza kazi," akasema, akampiga Damson kofi la upole shingoni. "Kulia. Ukuta wa kwanza nitauongoza mimi, wa pili wewe."

Philippa hajawahi kuruka hata gogo. Nilimwona akiutazama ukuta ule wa mawe ng'ambo ya uwanja, unaofika kifuani mwa mtu mzima. Akinyamaza, huenda akavunja shingo. Akisema, atarudishwa malangoni mbele ya Honor, safari hii na farasi aliyenyolewa bure.

"Bwana Garth," akasema mwishowe, "farasi huyu hajui kuruka. Mimi pia sijui. Nimemnyoa hivi ili Honor anionee wivu."

Honor hakukawia. "Nilijua ni kochi. Sikujua kwamba kochi hunyolewa."

Watu wakacheka sana. Philippa, masikio mekundu, akamgeuza Damson kushoto.

Wakati kicheko hakijaisha, mzee Inchbold naye akageuza farasi wake mweupe, akinung'unika kwamba mguu wa nyuma haumridhishi. Akafuata mke wa daktari wa mifugo, asiyetoa sababu yoyote. Kisha dada wawili wa kwenye kinu cha unga. Wote farasi wao wamenyolewa kamili, wote kwa mkono wangu, nami nikaendelea kumimina chai. Kulia wakabaki Honor na Garth tu. Honor akautazama ukuta, akamtazama Garth, akasema watoto wanahitaji mtu mzima wa kuwafuata nyuma.

Garth akabaki peke yake. Akashuka, akachoma ardhi kwa fimbo, akatikisa kichwa kama anayesikitika.

"Ngumu mno leo. Itaumiza kwato," akasema. "Twende malangoni sote."

Akapanda tena, akaja mbele ya msafara, na hapo akasimama. Hakuwahi kupita njia ile hata mara moja. Akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwa Philippa.

"Lango la kwanza liko wapi, mama?"

Philippa akamgusa Damson kwa visigino. Akampita Garth tu, na msafara wote nyuma yake.