Siku Pua Alipoisifu Chai

Mume wangu alikuwa mwonjaji wa chai kiwandani, na mtu ambaye hajaolewa na mwonjaji wa chai asinisimulie habari za subira. Kwa miaka ishirini na mbili nilimpikia chai ya jioni, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna kikombe kilichopita bila kesi. Maji umeyachemsha mara mbili. Majani yamekaa mno. Tangawizi yote hii ya nini, unaficha nini? Wenzake kiwandani wanamwita Pua, nami nikishikwa na hasira namwita hivyo hivyo.

Chai nzuri, kwa mujibu wa Pua, ina sheria zake. Maji yawe mapya kutoka bombani, si yale yaliyolala ndani ya birika tangu asubuhi. Yachemke mara moja tu, na yakichemka yamiminwe papo hapo, si umalize kwanza umbea wa dirishani. Buli lisuuzwe kwa maji ya moto ili lisiipoze chai. Majani kijiko kimoja kwa kikombe, yafunikwe dakika tano za saa, si za makisio. Maziwa mwisho, na yawe machache. Mimi naipika kama alivyonifundisha mama: maji, maziwa, majani, tangawizi na sukari, vyote sufuria moja, mpaka ipande mara tatu. Pua anasema hiyo si chai, ni mchuzi. Nami humwambia jiko liko wazi, mwenye sheria zake aingie azipike. Haingii ng'o.

Basi akashikwa na mafua makali, akalala siku nne, akapona, akarudi kazini. Yapata siku ya tisa tangu arudi, nilikuwa napika huku nazozana na binti yetu, aliyeacha nguo kwenye kamba mpaka zikanyeshewa. Maziwa yakashika chini. Harufu niliisikia, lakini maziwa yalikuwa ndiyo hayo hayo, nikasema potelea mbali, atasema atakavyo, kwani lini hasemi? Nikammiminia. Nikakaa kusubiri hukumu, jibu langu liko tayari ulimini.

Pua akavuta funda, akatua kikombe.

"Leo chai nzuri," akasema. "Leo umepatia."

Nisiseme uongo, nilifurahi. Furaha yenyewe ilidumu mpaka nilipoonja ya kwangu. Ilikuwa imeungua, imeungua kabisa, mtu angedhani nimechemshia ndani ya jivu. Kilemba cha ukoka nakijua, nimevikwa na wengi, lakini huyu hajui hata kinavyofungwa. Mtu huyu alipokuja kwetu kuniposa alimwambia mama yangu, mbele za watu, kwamba chai imelala. Nikamtazama. Naye alikuwa ananitazama, kama mwanafunzi anayengoja kuambiwa amepata au amekosa.

Nikainuka, nikaichukua sufuria, nikaileta mpaka chini ya uso wake.

"Inanuka nini?"

Akasita. "Si ni tangawizi?"

"Tangawizi iliisha jana, baba watoto. Leo sijatia."

Akainamisha kichwa. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu mafua. Nikamuuliza kazini anafanyaje, akanieleza bila kuniangalia. Mabakuli yanapangwa juu ya meza ndefu, yeye upande mmoja, na upande wa pili mwonjaji mwenzake, mama mmoja wa miwani. Wanaonja, wanataja alama, karani anaandika. Kwa siku tisa alikuwa anamwacha mama wa miwani atangulie, kisha anasoma nyusi zake. Zikipanda, chai mbaya. Zikitulia, nzuri. Yeye anaangalia rangi, anaongezea maneno mawili matatu ya kitaalamu, mambo yanakwenda. Ningecheka, kama si yale aliyosema baadaye.

"Kesho yule mama hayupo, ana ruhusa. Na kesho ndiyo shehena kubwa. Ghala limepakwa rangi wiki iliyopita na magunia yakiwa ndani, meneja anataka niseme kama chai imeshika harufu ya rangi. Nikisema ni safi, inapakiwa."

"Utamwambia meneja huwezi."

"Nikimwambia hivyo nitabaki nani? Mama watoto, mimi sina kisomo kingine. Nina hii pua tu."

"Hiyo pua huna," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa ya upole. "Watu wanywe rangi ili wewe uendelee kuitwa Pua? Mficha maradhi kilio humfichua. Usipokwenda kusema wewe, nitakwenda mimi, na nitaanza kusema tangu getini."

Ananijua, ningefanya. Alilia. Nimeshamwona akilia mara mbili, siku tuliyomzika mama yake na jioni ile. Nilimhurumia, lakini neno langu sikulirudisha.

Asubuhi nilimsindikiza hadi getini kwa sababu niliogopa angekata kona. Akaingia, akamwambia meneja yote, na siku tisa zile hakuzificha. Shehena ikazuiwa mpaka mama wa miwani aliporudi, na kweli, fungu moja kati ya matatu lilikuwa linanuka rangi. Chai za siku tisa zile zikaonjwa upya. Meneja alifoka sana, kisha akampa miezi mitatu ya kujitibu. Daktari alisema pua kama hiyo huweza kurudi na huweza isirudi. Haikurudi. Wakampeleka kwenye mizani, apime magunia.

Nyumbani kesi zikaisha. Nampa chai, anakunywa, anashukuru, anarudisha kikombe. Mimi niliyeomba miaka yote anyamaze, sikujua kwamba kimya chake kingenichosha kuliko maneno.

Jioni moja akaanza mwenyewe.

"Siku ile nilikusifu wakati sijui ninachokunywa. Miaka yote nilipokuwa najua, sikukusifu hata mara moja. Jambo hilo linanisumbua."

"Basi niambie leo," nikasema, "na usinipambe. Ilikuwa nzuri au mbaya?"

Akafikiri sana, kama bakuli liko mbele yake na karani ameshika kalamu.

"Mbaya," akasema. "Ulikuwa unayaua majani."

"Haya. Nimesikia."

"Subiri, sijamaliza. Kule tulikuwa tunaonja mabakuli mia mbili kwa siku, na chai yote tunaitema. Ndivyo kazi ilivyo, ukimeza hufiki saa sita. Hata chai bora kuliko zote, inayonunuliwa na wakubwa, naivuta, naitaja, naitema." Akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Miaka ishirini na mbili, mama watoto, chai niliyokuwa naimeza ni hii yako tu."

Mimi ni mtu wa kujibu, hujibu hata redio. Siku hiyo nilikichukua kile kikombe, nikamjazia tena.