Marinda Majini

Mtu akikwambia mafundi cherehani hawana kiburi, mwulize kama amewahi kuishi na mmoja. Huyu wetu alikuwa na kiburi cha kutosha mtaa mzima. Mtoto wa mkewe alipoomba nguo ya kuogelea, ile ya bluu inayong'aa iliyotundikwa dukani karibu na kituo cha basi, fundi aliweka sindano chini kama mtu aliyetukanwa. Nguo ya dukani iingie nyumba ya fundi? Wateja watasema nini?

Lakini tusimwonee. Kiburi kilikuwa nusu tu, nusu nyingine ilikuwa hamu. Mtoto yule aliitwa Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyojua likizo, ila tangu fundi amwoe mama yake, akimwona yeye tu ananyamaza ji. Shikamoo, ndiyo, sijui, basi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na fundi aliisikia kamba yake kila alipoketi mezani. Alitaka mtoto ampende, na njia aliyoijua ya kupendwa ni moja: kushona.

Akashona. Kitambaa cha pamba kizito, kisichoonyesha mwili. Bitana ndani, ili kikae. Marinda kiunoni, ili apendeze. Mkewe, ambaye ni muuguzi, alilipima lile vazi mkononi akauliza mbona zito hivi. Fundi akamwambia atibu wagonjwa, nguo amwachie mwenyewe.

Nguo ilikuwa ya safari ya wauguzi na familia zao, kwenda kuogelea kwenye maporomoko ndani ya hifadhi ya taifa. Asubuhi hiyohiyo mwenzao mmoja akaugua, na mama Chiriku akaitwa kushika zamu yake. Aliwasindikiza hadi kwenye basi, akamvuta mumewe pembeni.

"Hajawahi kutoka na wewe, ninyi wawili tu," alisema. "Leo ikiharibika, sijui tutaanzia wapi tena."

Njia nzima fundi alijitahidi. Alionyesha kima juu ya miti, akauliza habari za shule, akatoa karanga. Chiriku alizipokea karanga, akashukuru, akageukia dirisha. Langoni askari wa hifadhi aliwaonya waogelee bwawa la chini tu, wasisogee yanapoangukia maji, na wajihadhari na mawe yenye ukungu, yanateleza. Kisha wakashika njia ya msituni. Walisikia ngurumo kabla ya kuona kitu, halafu miti ikaachana, na maji hayo hapo, meupe, yanaporomoka kutoka juu kabisa ya jabali na kutulia chini yakiwa ya kijani. Loh! Fundi alisimama mdomo wazi.

Chiriku alitoka kubadili nguo, na kweli alipendeza. Wauguzi walisifu mishono. Fundi akavimba kichwa. Mtoto akakimbia, akajitosa.

Pamba inakunywa maji, jamani. Yeyote aliyewahi kufua anajua, na fundi alijua pia, ila maisha yake yote alikuwa ameshonea watu waliosimama pakavu mbele ya kioo. Bitana ilijaa, marinda yakajaa, na Chiriku alipoinuka, mikanda ya begani ilikuwa viwikoni na makalio ya nguo yananing'inia magotini. Watoto wenzake wakacheka. Mmoja akamuuliza amebeba mzigo wa nani. Chiriku akachuchumaa majini hadi shingoni, nguo ameikumbatia.

Muuguzi mmoja alinyanyuka kumwendea. Fundi akamwambia amwache, huyo ni wangu. Ilimtoka tu, na aibu ikamshika papo hapo, maana nani alimpa ruhusa ya kusema hivyo? Akaingia majini na viatu vyake, mkanda wa kupimia bado uko shingoni, kwa sababu yeye huuvaa kama wengine wanavyovaa saa. Aliteleza, akanywa maji, akainuka, akaendelea hadi akamfikia.

"Nimekosea," alimwambia. "Wewe ulijua unachotaka, mimi nikajifanya najua zaidi."

Fundi akatoa mkasi mdogo mfukoni.

"Nikate?"

Chiriku akamgeuzia bega. "Kata."

Akakata marinda. Akakata bitana, akaivuta nje vipande vipande, kazi ya jioni nyingi ikaishia mfukoni mwake kama matambara. Akafunga mafundo mabegani, akavua mkanda wa kupimia, akamfunga nao kiunoni. Kilichobaki kilikuwa kibaya, fundi mwenzake angekiona angemnyang'anya mkasi. Lakini kilishika. Chiriku alizama, akaibukia ng'ambo, na waliokuwa wakicheka wakaanza kumfukuzia.

Aliporudi alimkuta fundi palepale, amekumbatia jiwe.

"Hujui kuogelea?"

"Sijui."

"Na umeingia?"

"Si ulikuwa humu."

Chiriku alifikiri. Kisha akamwambia alale chali, atamshika kichwa. Fundi akalala, mkono mmoja bado uko kwenye jiwe. Masikio yakazama, dunia ikawa ngurumo tupu. Juu yake aliona mdomo wa mtoto unafunguka na kufungika, unakwenda, haupumziki, vile alivyozoea kuuona kwa mbali jikoni, mtoto akiwa na mama yake. Hakusikia hata neno, na hakuthubutu kuinuka kumkatiza. Mdomo ulipotulia ndipo akasimama, akatikisa maji masikioni, akaungama kwamba hakusikia chochote.

Chiriku akashusha pumzi, kama mtu mzima aliyechoshwa na watoto.

"Nilisema, mama akiuliza tumwambie nguo ilinikaa vizuri. Wewe usiseme kitu, nitasema mimi."

Fundi, ambaye kwa uongo wa njoo kesho hakuwa na mpinzani mtaani, hapo alimwachia mtoto kazi. Akalala tena juu ya maji bila kuambiwa, kichwa mikononi mwa mtoto, akaliachia jiwe.