Kitufe Namba Tatu

Mimi ndiye ninayepanga ratiba ya vipindi vya televisheni. Saa tisa alasiri ni ya watu wazima walio nyumbani, saa kumi ni ya vijana waliotoka shule. Watu hudhani tunabahatisha. Hatubahatishi. Kuna visanduku vidogo vilivyowekwa katika nyumba chache, kwa siri, na kila mtu wa nyumba ana kitufe chake, kilichosajiliwa kwa umri wake, cha kubonyeza anapoanza kutazama. Kituo chetu ni kidogo na visanduku ni vichache, kwa hiyo bibi mmoja akibonyeza, sisi tunahesabu mabibi elfu nne.

Sikutakiwa kuzijua nyumba hizo. Lakini siku moja nilikwenda kumsalimia shangazi, aliyenilea tangu mama afariki, nikakikuta kisanduku kando ya televisheni yake, kimefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Watu wa utafiti wameniletea," alisema kwa maringo. "Mimi namba moja. Mjukuu wangu namba tatu, ila sasa yuko shule ya bweni."

Mtu mwenye haya angejitia haoni. Mimi nilikuwa na kipindi kipya cha vijana, cha saa kumi, nilichokipigania mpaka nikagombana na nusu ya ofisi, na kilikuwa kinakata roho.

"Shangazi, nisaidie kitu kidogo. Ikifika saa kumi, bonyeza tatu badala ya moja."

"Wale vijana wa kupiga kelele?"

"Hao hao. Si lazima uwatazame."

"Kama ni kwa ajili ya kazi yako, baba, hata nikisinzia nitabonyeza."

Kipindi changu kikapanda. Mkurugenzi alinipigapiga begani mbele ya watu, nami nikatabasamu bila aibu.

Mwezi uliofuata tuliitwa kikaoni. Kilichojadiliwa ni kipindi cha ushonaji cha saa tisa, cha mwalimu mmoja mpole anayefundisha nguo moja kwa wiki kadhaa, kipande kwa kipande.

"Mabibi elfu nne wametoweka kwa siku moja," alisema mkurugenzi. "Wamekwenda wapi?"

Nikaitazama tarehe. Ilikuwa kesho yake baada ya mimi kwenda kwa shangazi. Nilijua walikokwenda: shangazi, kwa kuogopa kusahau, alikuwa akibonyeza tatu tangu anapowasha televisheni saa tisa, akihesabiwa kijana.

Sentensi moja tu ingetosha kukiokoa kipindi, na ningefukuzwa kabla ya chai.

"Labda wamechoka kushona," nilisema, na watu wakacheka.

Kipindi kikafutwa, saa nzima wakapewa vijana. Aliyekifuta kwenye ratiba ni mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Roho ilinisuta wiki nzima. Mwishowe niliomba ruhusa mapema nikaenda kwa shangazi, nimeazimia kumwambia kila kitu. Nilimkuta ameketi mbele ya televisheni, cherehani pembeni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Afadhali umekuja. Hebu jaribu hili."

Akanivisha koti la kijivu. Lilinikaa vizuri kifuani, kola imenyooka, mshono umetulia. Halikuwa na mikono.

"Nilitaka nikushtukize likiisha," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Mwalimu alituahidi mikono wiki hii. Nawasha, nawakuta wale wapiga kelele! Lakini nikajiambia, mwanangu yumo humo ndani, hawezi kukubali hivi hivi. Lazima alikitetea."

Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Kitarudi?" aliuliza.

"Sijui, shangazi."

"Basi usijisumbue." Akanivuta begani kulinyoosha koti. "Mradi kazi yako iko salama. Na ile tatu, niendelee kubonyeza?"

Saa ya ukutani ilibakisha dakika chache kugonga kumi. Akiacha leo, kesho mkurugenzi atauliza vijana elfu nne wamekwenda wapi.

"Endelea tu, shangazi," nilisema.

Akachukua rimoti ya kisanduku, akavaa miwani ili asikosee, akabonyeza.