Mwaka Ambao Baba Alinyamaza

Ngendo alipopata nafasi ya kusomea uhandisi katika chuo kikuu kikubwa cha Nairobi, baba yake, Mathenge, alikuwa na miezi tisa tangu apigwe na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yalimtoka yamekatika, nusu yakibaki mdomoni. Mkewe, Jeniffer, hakuyaelewa. Majirani wa kijijini kwao Wamagana waliokuja kumjulia hali waliitikia tu kwa adabu. Ni Ngendo peke yake aliyemwelewa, kwa sababu aliketi naye likizo nzima akirudia kila sauti mpaka ipate maana.

Kulikuwa pia na chuo kidogo cha uuguzi mjini Nyeri, chenye wanafunzi wasiofika mia moja, ambacho kilikubali kumpokea. Kutoka huko angeweza kuja nyumbani kila Ijumaa. Ngendo alipenda hesabu tangu darasa la nne, na hakuwa amewahi kufikiria kuwa muuguzi. Aliwaza wiki mbili, kisha akaiacha nafasi ya Nairobi.

Alimwambia mama yake kwanza, wakichuma majani chai. Jeniffer aliendelea kuchuma, ila mikono yake ilipunguza kasi.

Mathenge aliambiwa akiwa ameketi nje akiota jua. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema polepole, akilivuta kila neno, na kwa mara ya kwanza hata Jeniffer akaelewa.

"Mimi si kazi yako."

"Baba, nikienda, nani atakuelewa?" Ngendo aliuliza.

Mathenge aligeuza uso. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Kila Ijumaa Ngendo alifika na mkate, akaketi karibu naye, akamsimulia walivyofundishwa kupima presha na kumgeuza mgonjwa kitandani. Yeye alitazama shamba. Ngendo alijiambia kwamba hasira hiyo itaisha, kwamba muda upo.

Jumanne moja mwezi wa Mei, mwalimu wao Monicah alimwita nje ya darasa. Alimshika mkono kabla ya kusema lolote, na Ngendo akajua.

Baada ya mazishi, mama na binti walikunja nguo za marehemu. Jeniffer alikuwa na jambo lililomsumbua.

"Siku ambazo haukuwa hapa, kila jioni alikuwa ananiuliza kitu," alisema. "Meku. Meku. Nikamletea mkoba, akakataa. Nikamletea mkeka, akakataa. Ananionyesha tu barabara ya kwenda mjini."

Ngendo alimwomba aseme tena, vile vile alivyosema baba. Jeniffer akasema. Ngendo akaketi kitandani.

"Amekula," alisema. "Alikuwa anauliza kama nimekula."

Jeniffer alibaki na koti la mumewe mapajani.

"Na mimi sikumjibu hata siku moja," alisema.

Walilia pamoja, kwa mara ya kwanza tangu msiba, bila wageni wa kuwanyamazisha. Jumatatu Ngendo alirudi chuoni. Monicah alimruhusu kukaa siku kadhaa bila kwenda wodini, lakini yeye akaomba apangwe kama wengine.

Sasa yuko mwaka wa tatu. Wagonjwa wanampenda kwa sababu hana haraka. Anaweza kusimama kando ya kitanda mpaka mzee amalize sentensi yake. Anafaulu mitihani na kumsomea mama yake matokeo kwa simu. Wenzake waliokwenda Nairobi wakimuuliza kama anajuta, huwaambia kwamba uuguzi ni kazi nzuri, na ni kweli. Asichowaambia ni kwamba kama angekwenda, huenda baba yake asingemkasirikia, angempigia simu kila jioni, akamuuliza mwenyewe kama amekula, naye angemwelewa.