Ndoo Iliyorudi Tupu

Tangu mumewe Octavian azikwe, Advera alikuwa mtu wa kuamka alfajiri na kukosa la kufanya. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Aliosha vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea. Mzee Bundala, mwenyekiti wa ghala la chakula la wazee pale mtaani, alipomwona hivyo akamwambia, "Njoo utusaidie kupepeta maharage." Akaenda kupepeta maharage kwa siku moja, na sasa ulikuwa mwaka wa pili.

Kwa miezi mitatu sasa kazi yake ilikuwa kuwapelekea chakula wazee kumi na wawili wasioweza kutembea. Kila mzee alikuwa na ndoo yake ndogo yenye mfuniko. Advera aliipeleka ikiwa na unga, maharage na dagaa, na wiki iliyofuata akaichukua kwenda kuijaza tena. Hakuna ndoo iliyorudi tupu. Wazee wale walilelewa kando ya njia ya misafara, na babu zao walikuwa wapagazi. Mtu akipewa uji kwenye kibuyu, alikirudisha kibuyu na japo punje za chumvi ya Uvinza. Basi Bibi Recheli, aliyekaribia miaka tisini na mwenye jicho moja tu linaloona, alimwekea karanga chache. Mzee Dismasi, aliyetoka Ulyankulu, alimwekea majani makavu ya kunde, ameyafunga vizuri kama zawadi ya harusi.

Advera hakuwa na moyo wa kuvila vitu hivyo. Alivitunza nyumbani katika kopo la bati, na kila alipoinua mfuniko aliona bado ana watu duniani.

Kosa lake lilikuwa kusema. Katika kikao cha kamati ya ghala alisimulia habari ya zile karanga, sauti ikimtetemeka kwa furaha. Katibu mpya, Wenceslaus, akainua kichwa kutoka kwenye orodha ya wazee.

"Wanarudisha chakula?"

"Wanarudisha shukrani, baba."

"Kumbe wana ziada," akasema Wenceslaus.

Advera alidhani ni utani, akacheka. Wiki iliyofuata, Mzee Bundala akiwa Kaliua kufuata mahindi, majina sita yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu. La Bibi Recheli lilikuwa la kwanza.

Advera alikwenda kwa Bibi Recheli na unga wake mwenyewe ndani ya kanga. Alimkuta ameketi mlangoni, ndoo iko miguuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Chukua ndoo yenu."

Advera akaifunua. Ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga mpaka ikang'aa, na ndani hamkuwa na kitu. Bibi Recheli aligeuza uso ukutani.

"Nimeambiwa karanga zangu zimenifukuza," akasema. "Nikaona basi, nisiweke kitu. Labda watanirudisha. Miaka yote hii, Advera, sijawahi kumpa mtu chombo kitupu. Leo nimefundishwa utovu wa adabu, na meno yenyewe yamekwisha."

Advera aliingia jikoni. Alimpikia uji, akasubiri aumalize, akaosha sufuria. Njiani kurudi alikuwa akijisemea peke yake. Mtu hakuwa na chakula, akaona vibaya kutotoa. Na kwa kutoa huko akanyimwa!

Kikao kilichofuata alifika na kopo lake kifuani. Mzee Bundala alikuwa amerudi. Advera hakungoja salamu ziishe, yeye ambaye hata kuku hamfukuzi kwa ukali. Alilimimina kopo lote kwenye bakuli, mbele ya katibu. Karanga, mbegu za maboga, fundo la majani, vipande viwili vya uyoga mkavu. Bakuli halikujaa.

"Hii ndiyo ziada yenyewe, katibu. Wazee kumi na wawili, miezi mitatu. Mpelekee mkeo apike. Kuleni mshibe, kesho mje mnieleze mlivyolala."

"Mama, usinifokee. Mimi nafuata utaratibu."

"Nakufokea, ndiyo! Umechukua adabu ya mtu ukaifanya ushahidi wa kumnyima chakula. Hata mwizi huingia kwa aibu."

Mzee Bundala alichukua karanga moja, akaigeuza kwenye vidole, akairudisha bakulini. "Wenceslaus, mimi ni mtani wako, nitasema. Mama yako kule Usoke, jirani akimletea mboga, sahani huirudishaje?"

Wenceslaus aliweka kalamu chini. "Huweka viazi," akasema.

"Ana ziada?"

"Hana." Akapitisha kiganja usoni. "Mwaka jana tulikuwa tunamtumia unga sisi wenyewe. Hana kitu."

Alichukua kalamu, akaandika majina sita upya. Mzee Bundala akafunga kikao. Lakini Advera hakuondoka.

"Kuandika hakutoshi," akasema. "Jina la Bibi Recheli ulilikata umekaa kitini. Chakula chake utakibeba kwa miguu."

Kesho yake asubuhi Wenceslaus alitembea nyuma ya Advera, ndoo mkononi, jasho likimtoka. Bibi Recheli alipokea unga, akamshukuru kwa jina la baba yake, kana kwamba hajui kalamu nyekundu ilikuwa ya nani. Alijua. Akaingia ndani akipapasa ukuta, wakasikia kopo likikwanguliwa. Alitoka na karanga. Zilikuwa saba.

"Ndoo uliyoleta nitairudisha unga ukiisha, mwanangu," akamwambia Wenceslaus. "Lakini usiondoke mikono mitupu."

Wenceslaus alirudi nyuma hatua moja. "Hapana, bibi, mimi siwezi—"

"Pokea," Advera akasema, na ukali ulikuwa bado sautini. "Kwa mikono miwili."

Akapokea.